Watoto wetu na Kifaransa

Maneno ya karani wa mgodi mbele ya wazazi wa Likasi



Nimesikia shauri lenu. Mnasema: mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha kwa Kiswahili, basi anatuibia, Kiswahili mtoto anacho nyumbani, shuleni tunataka Kifaransa tangu siku ya kwanza. Siwacheki. Wakati wa Wabelgiji wazee wetu wengi walisoma miaka michache kwa lugha za kwetu wakaishia hapo, na Kifaransa kilikuwa mlango wa wachache. Hata mimi, bukari ya nyumbani kwangu inatoka katika Kifaransa. Sitawaambia tukiache.

Lakini sikieni nililoliona kazini. Kijana mmoja alikuja kuomba kazi, ana cheti cha shule. Juu ya mlango wa mashini kuna kibao: « Défense d'entrer ». Nikamwambia asome. Akasoma vizuri, sauti ya mwalimu kabisa, kisha akashika mlango aingie! Nilimvuta kwa shati. Sauti za Kifaransa alizijua, maana hakupewa. Miaka sita aliimba maneno ya ubaoni pamoja na wenzake. Na kwa Kiswahili pia hakujua kuandika: barua ya mama yake niliiandika mimi. Huyo ndiye mtu wa lugha mbili?

Tuwatazame Wabelgiji wenyewe. Inchi yao ina lugha zaidi ya moja; hata sheria ya koloni ya mwaka 1908 ilitaka dekreti zitolewe kwa Kifaransa na kwa Kiflama. Waflama waligombania lugha yao muda mrefu, mpaka mwaka 1930 universite ya Gent ikawa ya Kiflama, na mwaka 1962 sheria ikakata mpaka wa lugha. Leo mtoto wa Gent anaanza kusoma kwa lugha ya mama yake, Kifaransa kinakuja nyuma. Nani anasema anaibiwa?

Kwetu, Katiba ya 2006 imeweka Kifaransa lugha ya serikali, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba lugha za taifa. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa zifundishie darasani, pamoja na Kifaransa. Mwalimu yule hakuvunja kitu. Mtaniuliza: na mtoto wa Mukasai? Huyo anagombana kwa Kiswahili kila jioni nyuma ya lupangu yangu!

Basi tumwombe mwalimu hivi: mtoto asome na kuandika Kiswahili kwanza, na Kifaransa aanze kwa mdomo, kwa vitu anavyovishika, maji, meza, moto. Akifika kwenye kitabu, kila neno aulizwe maana. Jioni nasi tuulize. Hata baba asiyejua Kifaransa anaweza kuuliza.

Mwalimu ameniambia vitabu vya Kiswahili havitoshi, watoto wanne wanatazama kimoja. Jumapili, kisha misa, nitakaa mlangoni na kaye yangu. Mwenye franga kidogo alete, nitaandika jina lake.