Chumba Kilichopigwa Flashi: Sauti, Mwanga na Nyumba za Endulen



Chanzo cha mhadhara huu ni picha moja. Katika semina ya wasanifu wa majengo, mtaalamu wa mapambo ya ndani ambaye sitamtaja jina alituonyesha picha ya ndani ya nyumba ya Kimaasai, iliyopigwa Endulen mchana kweupe, kwa flashi. Kila kitu kilionekana: masizi, kibuyu cha maziwa kilichoning'inia, ngozi juu ya kitanda cha fito, majivu, na uso wa mama mmoja aliyefumba macho kwa kushtuka. Akasema kwamba hicho ni chumba kisicho na hali yoyote, ni giza na moshi tu. Kisha akaja na dawa: dirisha pana, taa nyeupe za LED, dari ya jipsam na spika ndogo ya kupiga muziki laini. Mfano wa kuigwa, kwa maoni yake, ni hoteli za kitalii za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako mgeni hupokewa kwa moto wa meko, taa hafifu na muziki wa mbali. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu sikupewa nafasi ya kuzieleza siku ile.

Habari za Endulen wengi wenu mnazijua, kwa hiyo nitazipitia mbio. Ni kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1959 kwa nia ya watu, mifugo na wanyamapori kukaa pamoja. Laetoli, penye nyayo za miaka milioni 3.6, pako jirani. Usiku kuna baridi. Nyumba hujengwa na wanawake, na mwenye nyumba ni yule aliyeijenga. Tuendelee.

Nianze na macho ya huyo mtaalamu. Jua la saa saba mchana katika nyika ile ni kali mno, na jicho lililotoka humo likaingia gizani haliwi jicho la gizani papo hapo. Chembe za jicho zinazoona kwenye mwanga hafifu huhitaji takriban nusu saa kufikia uwezo wake wote. Nusu saa! Nani kati ya wataalamu wetu, watafiti wetu, maofisa wetu wa miradi, amewahi kukaa nusu saa kimya ndani ya nyumba ya Kimaasai kabla hajafungua daftari? Wanainama mlangoni, wanakohoa, wanajigonga kichwa, wanauliza maswali mawili, wanatoka. Giza wanaloliandika kwenye ripoti wamekuja nalo wenyewe machoni. Ni sawa na mtu aonje chai akiwa bado ana pilipili mdomoni, kisha atangaze kwamba chai ya nyumba hii ni kali.

Halafu ile flashi. Mwanga wa kamera hutoka mbele, mweupe, na huanguka kila mahali kwa nguvu inayokaribiana. Moto wa mafiga hukaa chini, katikati, na rangi yake ni ya machungwa. Ukipimwa kwa kelvini uko karibu na 1,900, wakati taa ya LED ya bei rahisi ya madukani mwetu hufika 6,500. Moto humulika nyuso kutokea chini, huiacha dari nyeusi ipotee kabisa, na huwaweka watu wote kwenye duara moja. Kitu ambacho mpiga picha alikiona kuwa uchafu, yaani masizi, ndicho kinachozuia ukuta usirudishe mwanga, na hivyo kuufanya uso wa anayezungumza kuwa kitu chenye nuru kuliko vyote chumbani. Kwenye jukwaa la ukumbi wa tamthilia fundi wa taa hulipwa fedha nzuri kwa kazi hiyo hiyo, na kuta zake hupakwa rangi nyeusi. Kwa hiyo picha ile ilionyesha vitu vilivyomo chumbani tu, kwa sababu chumba chenyewe kilitoweka pale kidole kilipobonyeza.

Dirisha je? Tundu dogo lipo, kadiri ya ngumi. Mlango huingia kwa kona, hauelekei moja kwa moja ndani. Upepo wa nyanda za juu haupiti, nzi wanaofuata mwanga hawaingii kwa wingi, na jicho hupata hatua mbili tatu za kujizoeza kabla ya kufika motoni. Kosa la mtaalamu wetu ni kuhesabu kila kisichokuwepo kama upungufu. Kwa hesabu hiyo hata chumba cha ndani cha nyumba za mawe za Lamu ni kibovu, maana nacho kilijengwa kiwe na mwangaza mdogo, na fahari yake ni vidaka vya chokaa vilivyopangwa kaure za kurudisha mng'ao wa taa. Ajabu ni kwamba huyo huyo, akizungumza juu ya Lamu, husifu.

Sasa niwe mkweli kuhusu moshi, maana nawaona madaktari mmekaa mstari wa pili. Moshi wa kuni ndani ya nyumba unaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vya mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya majumbani kuwa milioni 3.2, na wanaoumia zaidi ni kina mama na watoto wanaokaa karibu na jiko. Nyumba yenye moto wazi usio na dohani siitetei. Mtoto anayefanya hesabu za shule kwa mwanga wa makaa naye anahitaji taa, na taa ya sola ni baraka kwake. Lakini moshi huondolewa kwa dohani. Kwa nini ugonjwa wa kifua utibiwe kwa dari ya jipsam na spika?

Hiyo spika ndiyo iliyonikera kuliko yote. Mtaalamu alizungumza juu ya sauti kama kitu kinacholetwa kutoka dukani na kutiwa chumbani, wakati kila chumba kina sauti yake kabla hujawasha chochote. Hapa mtaniwia radhi nimlete rafiki yangu wa siku zote, Wallace Clement Sabine. Wanafunzi wangu wanacheka kwa sababu wanajua kitakachofuata.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la Fogg, na ukumbi huo haukufaa kitu. Neno moja likitamkwa liliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5, hivyo maneno ya mhadhiri yalipandana kama mafuriko. Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, aliombwa atafute tiba. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na filimbi ya kinanda, saa na masikio yake. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala, maana mchana kelele za nje zilimharibia. Kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders, alikuwa akiazima mito ya viti, akiibeba hadi Fogg, akiipanga, akipiga filimbi, akisikiliza mpaka sauti ife, akiandika, akiongeza mito, akirudia. Na asubuhi mito ilikuwa imerudi mahali pake. Nawapenda watafiti wa namna hii. Hakuna aliyempa ruzuku ya mito.

Alichokipata ni kanuni ambayo hadi leo mhandisi wa sauti yeyote anaanzia hapo: mwangwi hudumu zaidi kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hukatika upesi kadiri vitu vya kunyonya sauti vinavyokuwa vingi. Zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya uwezo wa kunyonya, unapata sekunde. Aligundua pia kwamba binadamu mwenyewe, kwa nguo zake na mwili wake, ni mnyonyaji mzuri wa sauti.

Tumtumie Sabine. Chukua nyumba ya urefu wa mita 5, upana wa mita 3 na kimo cha mita moja na nusu, ambamo mtu mzima haongei akiwa amesimama. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Weka humo ngozi, majani ya kitandani, ndama kwenye kizizi chao, mama, bibi na watoto. Tukadirie kwa pamoja uwezo wa kunyonya wa mita za mraba 10. Mwangwi utadumu kama theluthi moja ya sekunde. Kwa maneno mengine, humo mnong'ono unafika mzima. Bibi hahitaji kupaza sauti ili hadithi imfikie mtoto wa kitanda cha pili. Ondoa hivyo vyote, weka vigae, kioo na jipsam, na mwangwi utarefuka mara kadhaa. Kisha mwenye nyumba ataongeza sauti ya sabufa ili aisikie vizuri, na jirani atalalamika. Hata hapa tulipo kipaza sauti kinapambana na zege, na zege linashinda.

Nilijifunza jambo hili kabla sijajua jina la Sabine. Baba yangu alikuwa fundi wa matofali, alipata kibarua Endulen, na likizo moja alinichukua nimsaidie kuchota maji. Tulilala kwa rafiki yake mmoja, na mimi nikapewa kitanda cha watoto katika nyumba ya mke wake mkubwa. Nilimwinamishia kichwa akakigusa kwa salamu, tukanywa maziwa yenye harufu ya mti uliochomwa kusafishia kibuyu, moto ukafifia. Nje, upande wa pili wa ukuta, ng'ombe walikuwa wakicheua. Ni sauti ndogo yenye unyevu, isiyo na haraka, ikikatizwa na kengele ya dume akigeuza shingo. Nililala kama mfu. Katikati ya usiku niliamka bila kujua kwa nini, nikakuta yule mama amekwisha kuketi, na watoto wenzangu nao macho. Hakuna aliyekuwa amewasha kitu. Kucheua kulikuwa kumekoma. Zizi zima lilikuwa limenyamaza, linasikiliza. Mama alisema neno moja kwa sauti ya kawaida, mwanamume wa nyumba ya jirani akajibu akiwa ameshatoka nje, na baada ya muda tukamsikia fisi akienda zake upande wa korongo. Kengele ikagonga. Kutafuna kukaanza tena, kwanza mmoja, kisha wote. Yule mama akajilaza.

Hoja yangu ya maisha, ambayo wenzangu wa idara ya taa wameipinga na wataendelea kuipinga, ni kwamba hali ya chumba hujengwa kwanza na sauti, mwanga unafuata. Moto ulikuwa umezimika na chumba kilibaki kilekile. Sauti ya ng'ombe ilipokatika, chumba kilikwisha, sote tukawa macho.

Wenzangu hao wananijibu kwa utafiti wa Polly Wiessner, mwanaanthropolojia aliyechapisha mwaka 2014 uchambuzi wa mazungumzo 174 ya Wajuǀ'hoansi wa kusini mwa Afrika. Mchana watu walizungumza zaidi juu ya malalamiko, umbea na riziki. Hadithi zilichukua asilimia 6 tu. Usiku, kando ya moto, hadithi zilifika asilimia 81. Wanasema: mnaona, ni mwanga! Nakubali kwamba moto una kazi yake. Nakubali pia kwamba jicho lina chembe zinazoitikia mwanga wa samawati na kuuarifu ubongo kwamba bado ni mchana, jambo ambalo makaa hayalifanyi. Lakini usiku kuna kitu kingine kinachobadilika: upepo hutulia, kazi hukoma, sauti za watu hushuka. Wiessner alihesabu maneno ya watu. Hakuna aliyehesabu ukimya uliowazunguka, na mpaka ahesabu, sihami.

Kuhusu hoteli za ukingoni, sina ugomvi nazo. Ngorongoro Crater Lodge imevalishwa nje udongo na nyasi, ndani imetundikwa vinara vya kioo, na wageni wanaipenda. Ila tuelewe kinachouzwa pale: mwanga hafifu, moto wa kuni, ngozi na vitambaa vizito vya kumeza mwangwi, na usiku wa wanyama nje. Mgeni analipa kwa dola apate kile ambacho mwenyeji, kilomita chache kutoka hapo, anaambiwa ni umaskini.

Na liko jambo la bati. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimetoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba za vyumba vitatu zilizoezekwa kwa bati. Uhamisho huo una mabishano yake, nayo si mada ya jioni hii. Mimi nasema juu ya paa tu. Kila aliyewahi kufundisha chini ya bati lisilo na dari anajua kwamba mvua ikinyesha somo limekwisha. Chini ya bati la namna hiyo, mvua ikinyesha usiku hutamsikia mtoto wa chumba cha pili, achilia mbali ng'ombe zizini.

Kwa hiyo naiomba shule yetu ya usanifu mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi yeyote atakayepewa kazi ya kuboresha nyumba ya asili akae ndani yake nusu saa bila taa na bila kamera, kisha alale humo usiku mmoja kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, ndipo achore. Pili, katika mtaala wa mwaka wa pili, vipimo vya sauti vitangulie vya mwanga. Simu aliyonayo kila mwanafunzi mfukoni inatosha kuanzia.