Sungura Anapoacha Kula kwa Maumivu ya Meno

Mazungumzo ya huduma za mifugo kwa wakazi wa kata



Katika hadithi za utotoni sungura ndiye mjanja wa porini: humshinda fisi kwa akili, humwacha simba mdomo wazi, akaenda zake. Sungura wa bandani naye ana ujanja wake, ila huo humdhuru mwenyewe, kwa kuwa huficha maradhi. Mbuzi akiumwa hulia; mbwa akiumwa humfuata bwana wake na kulalama. Sungura ni windo la karibu kila mnyama alaye nyama, na kwa maumbile yake hutulia kimya anapoumia ili adui asiuone unyonge wake. Kwa hiyo aghalabu dalili ya kwanza anayoiona mwenye sungura huwa imekwisha kuchelewa: mnyama ameacha kula.

Ndivyo ilivyotokea katika nyumba moja ya kata hii mwishoni mwa kiangazi. Mtoto wa darasa la tano alikuwa na sungura mweupe wa miaka miwili, aliyeletewa na bibi yake akiwa mdogo kiasi cha kuenea kiganjani. Banda lake la mbao lilisimama nyuma ya jiko, na chakula chake kilikuwa kile kinachopatikana katika nyumba nyingi: pumba za mahindi asubuhi, ukoko wa ugali mchana, jani la kabichi au kipande cha karoti jioni. Siku ya Jumapili mtoto alimpa karoti. Sungura aliisogelea, akainusa, akaiuma, kisha akaiacha idondoke. Alirudia mara tatu. Baba alisema sungura anadeka, njaa ikimshika atakula. Jirani, kwa nia njema kabisa, alileta vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake. Mwingine alishauri meno yakatwe kwa koleo, maana alisikia kwamba meno ya sungura hurefuka.

Mama hakufuata ushauri wowote kati ya hiyo mitatu. Jumatatu alfajiri aliona kidevu cha sungura kimelowa mate na sakafu ya banda haina choo isipokuwa punje chache, ndogo na kavu kama mbegu za mchicha zilizogandamana. Alimweka mnyama katika kikapu, akaenda na mwanawe ofisi ya kata.

"Shikamoo, bwana mifugo," mtoto alisema. "Sungura wangu anataka kula lakini hawezi."

Maneno hayo machache yalikuwa na utambuzi kuliko ya watu wazima wote waliotangulia. Sungura asiyetaka kula na sungura anayetaka asiweze ni wagonjwa wawili tofauti. Yule anayekisogelea chakula, akakiuma na kukiacha, mara nyingi shida yake imo kinywani.

Afisa mifugo alimpima uzito: kilo 1.6, naye alikuwa kilo 2 alipopimwa kwenye mizani ya duka miezi miwili nyuma. Alimfunua midomo. Meno ya mbele yalikuwa yamenyooka na kukutana vizuri. Wengi wangeishia hapo na kusema meno ni mazima. Yeye alipitisha kidole taratibu chini ya taya, na sungura akajivuta kwa nguvu. Akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.

Hapa yafaa kueleza kilichomo katika kinywa hicho kidogo, kwa sababu asiyekijua hawezi kuelewa kwa nini barua ile iliandikwa kwa haraka. Sungura aliyekomaa ana meno 28. Ya mbele ni 6: manne juu na mawili chini. Yale ya juu yamepangwa safu mbili, mawili makubwa yanayoonekana na mawili madogo kama vijiti yaliyojificha nyuma yake. Chonge hana. Hufuata pengo refu lisilo na jino, kisha ndani kabisa, mahali ambapo mwanga haufiki, yamo magego 22. Meno haya yote, ya mbele na ya nyuma, huota maisha yake yote. Ya mbele hurefuka takriban milimita 2 kwa wiki. Lau yasingepunguzwa na kitu, yangekijaza kinywa.

Kinachoyapunguza ni nyasi. Jani la nyasi lina chembe ngumu za silika, na ili kulisaga sungura hulazimika kuipeleka taya ya chini upande kwa upande, tena na tena, kwa saa nyingi za mchana na usiku. Magego husuguana, nayo hubaki sawa. Pumba na ugali havidai kazi hiyo. Hutafunwa kidogo, tena kwa kupandisha na kushusha taya tu, vikamezwa. Tumbo hujaa ilhali meno hayajafanya kazi. Baada ya miezi kadhaa kingo za magego huota ncha kali kama miiba: ya chini huelekea ulimi, ya juu huelekea shavu. Kila anapotafuna, anajichoma. Wakati huohuo mizizi nayo husukumwa ndani ya mfupa wa taya. Ya juu ikibana mrija wa machozi, jicho hutoa maji daima. Ya chini hujitokeza kama vinundu ambavyo mkono huvihisi chini ya taya. Usaha ukiingia hapo, jipu la sungura huwa na uji mzito kama jibini, ambao haukamuliki kama jipu la ng'ombe.

Yote hayo huchukua muda mrefu. Kinachokwenda mbio ni tumbo. Utumbo wa sungura umeumbwa ili upitishe chakula bila kukoma. Ukikosa nyasi ngumu za kuusukuma, hupunguza mwendo, hatimaye husimama. Gesi hujaa, maumivu huongezeka, na maumivu hayo humzuia kula zaidi. Mwili unapokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake kwa pupa, na ini huzidiwa. Kwa sababu hiyo waganga wa wanyama huhesabu saa 12 bila kula wala kutoa choo kuwa jambo la dharura kwa sungura. Yule wa nyumba hii alikuwa amezipita. Kauli ya kwamba njaa ikimshika atakula ni ya kweli kwa mtoto aliyenuna. Kwa sungura ni hukumu ya kifo.

Vile vidonge vya amoksilini navyo vingeifikisha hukumu hiyo mapema. Ndani ya utumbo wa sungura kuna mfuko mkubwa ambamo vijidudu vyema huchachusha majani. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, zikitolewa kwa mdomo, huviua vijidudu hivyo na kuwaachia nafasi wale watoao sumu. Sungura huharisha na kufa katika siku chache, na mwenyewe hubaki akiamini kwamba ugonjwa ulikuwa mkali. Zipo antibaiotiki ambazo sungura anaweza kupewa bila madhara hayo, na daktari wa mifugo anazijua. Dawa ya binadamu iliyobaki kabatini isiguswe.

Koleo nalo, pamoja na mkasi wa kucha, hupasua jino kwa urefu wake. Ufa hushuka hadi mzizini, na vijidudu huufuata. Hata kama lingekuwa jino la mbele, lingepaswa kukatwa kwa kifaa chenye kisagio kinachozunguka, mikononi mwa mtaalamu. Magego hayafikiwi kabisa bila dawa ya usingizi.

Mchana wa Jumatatu hiyo daktari alimchungulia kwa kifaa kilekile cha kutazamia sikio, chenye taa na mrija mwembamba. Gego moja la chini upande wa kushoto lilikuwa na ncha iliyochimba kidonda kwenye ulimi. Kabla ya yote alimpa sindano ya kutuliza maumivu na maji chini ya ngozi, maana mnyama aliyekauka na kupoa mwili hahimili usingizi wa dawa. Asubuhi ya pili, alipopata nguvu kidogo, alilazwa, ncha zikasagwa, na baada ya nusu saa alikuwa ameinua masikio. Kuna jambo moja ambalo mama alilikosea katikati ya hapo, na si kosa la kumlaumu mtu: alizuia chakula usiku ule, akikumbuka masharti aliyopewa mwenyewe hospitalini kabla ya kupasuliwa. Binadamu huzuiwa asije akatapika. Sungura hawezi kutapika, na kumfunga njaa kabla ya dawa ya usingizi humwongezea hatari. Nyasi zikae mbele yake hadi dakika za mwisho.

Kazi kubwa ilibaki nyumbani. Kidonda cha ulimi hakiponi siku moja, na sungura aliyeumia hukumbuka. Kwa siku tano mtoto na mama walimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Walisaga chakula cha sungura cha punje, wakakiloweka katika maji ya uvuguvugu hadi kikawa uji mwepesi. Mnyama aliketishwa juu ya kitambaa kizito, akaviringishwa mwili huku kichwa kikiwa nje, miguu yake ya nyuma ikishikiliwa. Akirusha teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, katika lile pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, na uji husukumwa mililita 1 au 2 kwa wakati mmoja, akisubiriwa atafune na kumeza. Asilazwe chali kamwe, kwa maana uji utaingia mapafuni. Tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, asilishwe kwa bomba hata kidogo. Arudishwe kwa daktari. Kiasi cha siku nzima hutajwa na daktari kwa uzito wa mnyama. Kila mara nyasi mbichi ziwe karibu, kwa sababu lengo la bomba ni kumfikisha pale ambapo atajilia mwenyewe.

Siku ya tatu choo kilirejea. Hilo ndilo la kutazamwa kuliko macho maangavu au masikio yaliyosimama. Pia sehemu ya nyuma ikaguliwe kila siku: sungura hutoa choo laini ambacho kwa kawaida hukila moja kwa moja kutoka mwilini, nacho ni lishe anayoihitaji. Ulimi ukimuuma hawezi kukila. Hugandamana na manyoya, inzi hutua, na funza huingia katika ngozi hai.

Kuhusu gharama, isemwe wazi. Nauli ya bajaji, dawa na kazi ya daktari vilipita bei ya kununua sungura wengine kadhaa, na baba alilitaja jambo hilo mbele ya mtoto. Hoja yake si ya kubezwa katika nyumba yenye ada na mahitaji mengine. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikupima wajibu wa mwenye mnyama kwa bei ya mnyama huyo, na kumwacha afe kwa njaa ilhali chakula kimo mbele yake ni mateso. Ikiwa nyumba haina uwezo, au mizizi imeharibika kiasi kwamba maumivu hayatakwisha, daktari wa mifugo anaweza kumlaza mnyama usingizi wa mwisho bila uchungu. Hilo nalo ni huduma, na anayeliomba asione haya. Lisilokubalika ni kungoja.

Gharama iliyo nafuu kuliko zote iko kando ya shamba. Sehemu kubwa ya mlo wa sungura iwe nyasi, mbichi au zilizokaushwa: nyasi za rodesi, majani ya matete machanga, hata nyasi za kawaida zilizokatwa mbali na barabara kuu na mbali na shamba lililopuliziwa dawa. Za kiangazi zikaushwe mapema, mvua zikikaribia kwisha, zitundikwe pakavu. Zilizoota ukungu zitupwe. Matembele, sukumawiki na majani ya karoti yafuate kwa kiasi. Karoti yenyewe ni kitamu, itolewe kama pipi. Ugali na mkate viachwe. Anayelisha pumba asizikate ghafla, azipunguze kwa wiki mbili tatu huku nyasi zikiongezwa. Kisha apimwe uzito kila wiki, siku ileile, kwenye mizani ileile. Kupungua kwa gramu mia moja hutoa habari kabla ya mate kulowesha kidevu. Wapo pia wanaozaliwa na taya zisizokutana, hasa wenye nyuso fupi. Hao meno ya mbele hupishana tangu wadogo, na yanaweza kung'olewa wakaishi vyema kwa majani yaliyokatwakatwa, ila wasizalishwe.

Sungura mweupe amefikia kilo 1.9. Mtoto hukata nyasi kila jioni atokapo shule, na baba, aliyesema anadeka, amempigilia hori la fito ukutani mwa banda. Gego lililokwisha kuota ncha huelekea kuota tena, kwa hiyo daktari ameagiza aletwe baada ya wiki sita. Safari hii kikapu kitakuwa na nyasi ndani.