Ugonjwa Tuliushinda, Bei Ikatushinda: Kahawa ya Ruiru na Thika



Naanza na buni moja changa, ya kijani. Ubavuni ina doa jeusi lililobonyea. Wiki chache baadaye buni nzima imekuwa nyeusi tititi, imekauka ikiwa bado tawini au imeshaanguka. Hiyo ndiyo chulebuni, iliyotambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, kisha ikaenea nyanda za juu. SL28, aina iliyoipa kahawa yetu sifa duniani, haina kinga nayo. Mkulima alipiga dawa, mvua ikanyesha, akapiga tena, na gharama ya dawa ikala mavuno.

Jibu lilitoka Ruiru, katika kituo cha utafiti wa kahawa, mwaka 1985: Ruiru 11. Ni mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, na hekta moja hubeba miti 2,500 pale ambapo SL28 hupandwa 1,330. Lakini ni chotara, kwa hiyo mbegu ya kuokota chini ya mti haifai. Mvua ikinyesha, mibuni hutoa maua meupe ya siku chache tu. Hapo wafanyakazi huondoa sehemu ya kiume ya ua kwa koleo ndogo, hufunika tawi kwa mfuko, kisha hupaka chavua ya mti mwingine. Ua kwa ua. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa kazi bora za sayansi zilizofanyika nchini, na nisemapo hivyo nawawaza kwanza wale wenye koleo.

Miaka minne baadaye, Julai 1989, mgao wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika. Bei ikaporomoka. Kenya ilivuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni hata 52,000 ni msimu mzuri. Mkulima ambaye mibuni yake ilikuwa imepona alikaa miezi akingoja malipo ya ushirika, huku dalali wa ploti akimjia na pesa mkononi.

Barabara kuu ya Thika ilikamilika 2012. Mji mpya wa Tatu City unajengwa kwenye takriban ekari 5,000 za yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Siwalaumu waliouza, maana karo haingoji msimu. Ninachokikataa ni kauli kwamba kahawa ya hapa iliuawa na mji. Mji ulikuja ukakuta shamba ambalo tayari halimlishi mwenyewe.

Kazi ya kituo haikukoma. Mwaka 2010 ilitoka Batian, ambayo mbegu yake huzaa mti unaofanana na mama. Wapo wanaobebesha aina hizi mpya juu ya mashina ya SL28, mizizi ikabaki ile ile aliyoipanda babu.

Na sasa kahawa inapandwa upya Bungoma, Nandi na Trans Nzoia. Wakulima wa huko hunipigia simu kuuliza habari za mbolea na nafasi kati ya mashimo. Nawajibu, lakini kwanza nawauliza: ukishapeleka buni kiwandani, pesa yako itakufikia baada ya siku ngapi?