Ini halipigi kelele
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Bendera)



Leo tunasema jambo ambalo wengi wetu tunaliwaza usiku, lakini mchana hatulitaji. Ni pombe, na ini.

Tulikimbia mara nyingi. Wengine tulivuka ziwa mwaka 1996, tukakaa Lugufu na Nyarugusu kule Kigoma. Wengine tulirudi, kisha vita kati ya Batwa na Baluba vikatutoa tena. Ukirudi na kukuta nyumba imekuwa majani, lutuku iko karibu kuliko muganga. Tulianza na kopo moja, tupate usingizi. Leo tuko wengi tuliokunywa miaka kumi, kumi na tano, na tunajigusa ubavu wa kuume tukijiuliza: ndani kuko namna gani?

Mwenzetu mmoja alivimba tumbo na miguu, macho yakawa manjano. Familia ikasema amepewa sumu, jirani akatajwa. Siku zikaenda kwa dawa za kutapisha. Bibi yake alipokuja kwenye sanduku letu kuomba franga za safari, sisi komite tulimjibu: "Alijitakia mwenyewe." Tulikawia majuma mawili. Tulipomfikisha Kalemie, zaidi ya kilomita 100 za barabara mbaya, muganga akasema ni ini, limechakaa juu ya pombe, hakuna mtu aliyempa sumu. Tulimzika. Na kwenye kilio chake tuligawa lutuku. Kosa hilo ni letu, na tunalisema mbele yenu.

Sasa sikilizeni vizuri. Barage ya Kyimbi hapa kwetu inafanya kazi usiku na mchana, na hatuikumbuki mpaka taa zizimike. Ini njo vile. Linasafisha damu, na linaweza kuharibika miaka mingi bila kuuma. Kwanza linajaa mafuta. Hapo mtu akiacha pombe, mara nyingi linapona ndani ya majuma au miezi. Asipoacha, linaweza kuvimba, halafu likapata makovu na kuwa gumu: waganga wanasema siroze. Makovu mengi hayaondoki tena, lakini hata hapo kuacha pombe kunaongeza siku za kuishi. Kwa hiyo "nimekwisha kuchelewa" si neno la kusema.

Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali siku ileile. Tusitafute mchawi, tutafute usafiri.

Tena, si kila ini bovu ni la pombe. Hepatiti B inaharibu ini la mtu asiyeonja hata tone. Kichocho cha maji ya ziwa na mito nacho kinaweza, na karanga au mahindi yenye ukungu yanaleta kansa ya ini. Mwenye hepatiti B akinywa, anaharibika mbio zaidi. Ndiyo maana tunataka kupimwa, si kunyosheana kidole.

Wewe unayekunywa kila siku tangu asubuhi, usiache ghafula peke yako. Siku mbili tatu za kwanza zinaweza kuleta kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kifafa, na mtu anaweza kufa. Pita kwanza kwa muganga, akupangie, na ndugu mmoja akae karibu nawe. Na parasetamoli usimeze ovyo: kwa mnywaji, vidonge vingi vinaua ini.

Komite imekata maneno matatu. Moja: ugonjwa wa ini ni ugonjwa kama malaria. Sanduku litasaidia safari na vipimo vya damu na ekografi, na hakuna atakayeulizwa alikunywa kiasi gani. Mbili: kwenye kilio na mikutano yetu hakuna tena lutuku, tutagawa chai na bukari. Tatu: bamama wanaopika lutuku si adui zetu. Wanalipia watoto masomo kwa kazi hiyo. Watakuwa wa kwanza kupata mkopo wa sanduku kwa biashara ya ndagala au unga, na bila mkopo huo hatuna haki ya kuwasema.

Ninyi marafiki wafadhili, mmetujengea nyumba na kutupa mbegu, aksanti sana. Leo tunaomba mtusaidie kulipia vipimo na mkopo wa bamama hao. Mtu aliyerudi kutoka mbali hivyo asifie nyumbani juu ya aibu.

Baada ya mkutano tutabaki hapa. Anayetaka kusema nasi pembeni aje. Jina lake halitaandikwa.