Mapenzi Chini ya Alama Mbili za Buluu

Tarehe 4 Februari 2004, katika bweni la Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, ulizinduliwa mtandao wa Facebook. Wanafunzi wa chuo hicho peke yao ndio walioruhusiwa kuingia, na shabaha ilikuwa nyepesi: kujuana. Leo mtandao huo na wenziwe wamehamia katika mabweni ya Nairobi, Eldoret na Kampala, na huko kujuana kumegeuka kuwa kuchunguzana.

Wako wasikilizaji waliowahi kuandika barua kutoka kambini. Barua ilichukua wiki mbili njiani, jibu wiki mbili nyingine, na lilipochelewa lawama iliibebea posta. Ukimya ulikuwa na wakili. Tangu Novemba 2014, programu ya WhatsApp ilipoanza kuonyesha kwa alama mbili za buluu kwamba ujumbe umesomwa, wakili huyo amefukuzwa. Kijana wa chuo anamwandikia mchumba wake saa nne usiku, alama zinageuka buluu, jibu haliji. Huenda mwenziwe anajiandaa kwa mtihani, au amepitiwa na usingizi simu ikiwa kifuani. Kijana haoni mtihani wala usingizi. Anaona mwanamume mwingine. Saa sita ugomvi umepamba moto, na kabla ya alfajiri kikundi kizima cha marafiki kimepewa nakala ya maneno yaliyostahili kubaki ya watu wawili. Alama hizo zaweza kuzimwa, ni kweli. Lakini anayezizima huulizwa anaficha nini.

Serikali ya Uganda ilijaribu dawa ya kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila aliyetaka kuingia katika mitandao hiyo alilipa shilingi 200 kwa siku, baada ya Rais Yoweri Museveni kulalamikia umbeya uliojaa humo. Je, umbeya ulikoma? Wengi walijifunza njia za kukwepa, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya data za intaneti. Mapenzi yaliendelea, na wivu nao.

Wivu si kosa la jinai. Jambo linalomhusu askari linaanza pale uchumba unapovunjika na mmoja akabaki na picha za faragha za mwenziwe, alizopewa kwa imani, kisha akazitawanya kwa hasira au akadai fedha ili asizitawanye.

Kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao kilimlenga msambazaji: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mahakama Kuu ilikisimamisha pamoja na vingine vingi muda mfupi baada ya sheria kutiwa sahihi, na Februari 2020 vikarejeshwa.

Uganda ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2014 ya kupinga ponografia iliandikwa kwa upana mno, hata wanawake ambao picha zao zilivujishwa na watu waliowaamini wakajikuta wao ndio wanaotishiwa kukamatwa. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu Agosti 2021. Kwa miaka saba, basi, mwizi aliweza kutembea kifua mbele, na aliyeibiwa akakiogopa kituo cha polisi.

Msichana wa mwaka wa pili anayefika kaunta ya polisi na simu mkononi amekwisha kuvuka mlima. Bweni zima limeiona picha. Mama yake bado hajui. Akiulizwa kwanza kwa nini alikubali kupigwa picha, atageuka na kuondoka, na mtuhumiwa atakuwa ameshinda bila kuitwa. Akiulizwa ujumbe umetoka namba gani, siku gani, na nani mwingine ameupokea, kisha akaelezwa asiufute kwa kuwa huo ndio ushahidi, kesi imeanza. Na simu hiyo isizungushwe kaunta nzima ili kila askari wa zamu apate kutazama. Anayefanya hivyo anaiendeleza kazi ya mtuhumiwa, tena akiwa ndani ya sare.