Tuhesabu Utafiti wa Magonjwa Yetu



Mavuno tunayahesabu kwa magunia. Je, utafiti wa malaria, kichocho na matende unahesabiwaje?

Mtafiti akimaliza kazi huandika makala katika jarida la kisayansi. Basi, wataalamu huhesabu makala hayo. Huangalia ugonjwa upi umeandikwa sana na upi umesahauliwa. Huangalia waandishi wanatoka nchi gani, na watafiti wengine wameyataja makala yao mara ngapi.

Hebu tutazame mfano wa kwetu. Mwaka 1952 homa kali ya viungo ilizuka kusini, upande wa Newala. Jina lake, chikungunya, limetoka Kimakonde. Maana yake ni kujikunja. Mwaka 1955 Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake katika jarida la Uingereza, kwa Kiingereza. Kumbe wagonjwa ni wa kwetu, jina ni letu, lakini mkulima wa Newala angesomaje?

Mwaka 1979 ilitungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sasa tunao watafiti wetu wanaoandika. Hilo ni jema.

Lakini idadi peke yake haitoshi. Mbu wa chikungunya huzaliana katika maji ya mitungini na mapipani. Makala mia kabatini hayafuniki mtungi hata mmoja!

Kwa hiyo, watafiti wakija kijijini tushirikiane nao. Tuwaulize pia: matokeo mtatuletea lini, kwa Kiswahili? Kusoma tunajua. Wakileta, tusome, tukafunike mitungi.