Taka, Pwani na Ardhi ya Umma: Sheria Inavyomlinda Mkazi wa Lamu

Maelezo haya yameandaliwa yasomwe katika mabaraza ya wakazi, visiwani na bara. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Wazee wa mitaa, akina mama, vijana, manahodha, wavuvi na wafanyabiashara, mada ya leo ni taka na ardhi ya umma. Watu wengi huyaona haya kuwa mambo mawili tofauti, moja la idara ya usafi na jingine la ofisi ya ardhi. Hapa Lamu ni jambo moja, na historia ya mji wenyewe ndiyo ushahidi.

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821. Wakati huo maji ya bahari yalifika karibu na mlango wake. Leo anayetoka ngomeni hupita uwanja, maduka na nyumba kabla ya kuufikia ukuta wa bahari. Wanahistoria wa mji wanaeleza kwamba barabara kuu ya ndani, Usita wa Mui, ndiyo iliyokuwa ukingo wa pwani, na kwamba sehemu kubwa ya ardhi iliyo mbele yake ilipatikana kwa watu kumwaga taka na vifusi baharini mwaka baada ya mwaka, kisha wakajenga juu yake. Taka za wakati ule zilikuwa majivu, magamba, makumbi ya nazi na mawe ya matumbawe. Zilioza au zikashikamana na mchanga.

Desturi hiyo ingali hai, ila mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni taka zenyewe. Plastiki, betri, nepi na mafuta machafu ya injini za boti haviozi vikawa udongo. La pili ni sheria. Zamani aliyejaza pwani alijipatia kiwanja. Leo hakuna sheria ya Kenya inayompa mtu ardhi kwa sababu ameijaza taka.

Ardhi ya umma ni ipi?

Kifungu cha 61 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya, na kimeigawa katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Kifungu cha 62 kinaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo kuna mambo yanayomgusa kila mkazi wa visiwa hivi: ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapofika yakijaa na mahali yanapofika yakipwa, misitu ya serikali, na maeneo ya vyanzo vya maji.

Kwa maneno mengine, ufuo ambao mvuvi huvutia mashua yake na watoto huchezea mpira maji yakitoka si wa mwenye nyumba ya jirani. Serikali ya kitaifa inaushika kwa amana ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inausimamia. Mikoko nayo ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ardhi ya umma haiwezi kutolewa kwa mtu ila kwa kufuata sheria ya Bunge. Chifu, diwani au afisa wa kaunti hana mamlaka ya kumwandikia mtu barua ya kumpa ufuo.

Je, kama mtu tayari ana hati? Jibu lilitolewa na Mahakama ya Juu tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management Limited dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichobishaniwa kiko Nyali, kando ya bahari. Kilikuwa kimetengwa kuwa uwanja wa wazi, lakini mwaka 1989 kikagawiwa mtu binafsi, kikauzwa, kisha kikauzwa tena. Mwaka 2017 kaunti ilivunja ukuta wake ili kufungua njia ya umma kwenda ufuoni. Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na ina hati. Majaji walisema kwamba kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyozaliwa na ugawaji huo haina ulinzi, hata mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia.

Uamuzi huo unabana kila mahakama ya chini yake, zikiwemo za Lamu. Kwa hiyo anayetaka kununua kiwanja cha pwani, au kilichoko kwenye vilima vya mchanga, asitosheke kusoma hati. Aulize hati hiyo ilianzia wapi. Fedha zikishatoka, kilio hakimrudishii kitu.

Kwa nini kisiwa hakisamehe

Bara taka zikijaa mahali pamoja, watu huhamia pengine. Kisiwa hakina pengine. Maji ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inaponyesha, hupenya mchangani ikatua juu ya maji ya chumvi, maana maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Akiba hiyo ni tabaka jembamba. Mchanga unaopitisha mvua haraka hupitisha haraka vilevile maji machafu ya jaa, ya choo na ya mafuta. Anayejenga au kumwaga taka juu ya vilima vya Shela anaweka mkono wake ndani ya mtungi wa jirani.

Punda naye ni shahidi. Ndiye anayebeba mawe, mchanga, mizigo na hizo taka zenyewe, kwa sababu vichochoro vya mji havipitishi gari. Akiachwa huru hula kwenye jaa, na plastiki anayomeza humfunga tumbo. Mwenye punda hupoteza riziki kwa mfuko uliotupwa na mtu asiyemjua. Baharini ni hivyo hivyo: kasa humdhania mfuko unaoelea kuwa kiwavi wa baharini, na mizizi ya mikoko iliyosongwa na taka haiwezi kuvuta hewa, ilhali hapo ndipo samaki wengi na kaa wanapokulia.

Kuna pia jambo la heshima na kipato. Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Anayekuja kuuona hufika kwa boti, na kitu cha kwanza anachokiona ni ukingo wa bahari.

Sheria inasema nini kuhusu taka?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Hapo hakuna utata: uzoaji wa taka ni wajibu wa kaunti, na mkazi anayeudai haombi hisani.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 87, inamkataza mtu yeyote kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira au kudhuru afya ya mwingine. Kifungu chake cha 42 kinakataza kumwaga kitu chochote au kujenga ndani ya bahari, mto au ardhi oevu bila idhini iliyotanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Anayejaza vifusi ufuoni usiku ili asubuhi aweke uzio anakuwa ameigusa sheria ya mazingira na sheria ya ardhi kwa tendo moja. Jaa nalo halianzishwi kienyeji. Ni lazima liwe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na hilo linaihusu kaunti kama linavyomhusu mtu binafsi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, fuo na misitu iliyolindwa. Anayeenda Hifadhi ya Bahari ya Kiunga na chupa za maji za plastiki anavunja amri hiyo.

Sheria mpya zaidi ni ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Imebadilisha fikra. Taka si uchafu wa kufichwa tena, ni mali iliyochanganyika. Sheria inataka zitenganishwe pale zinapotokea: zinazooza upande mmoja, zisizooza upande mwingine, na za hatari peke yake. Kaunti zinatakiwa kuweka vituo vya kuchambulia taka na kuondokana na majaa ya wazi. Watengenezaji wa bidhaa nao wanabeba sehemu ya mzigo wa vifungashio vyao.

Kwamba plastiki ni mali, Lamu ilishaionyesha dunia. Mafundi wa hapa walitengeneza Flipflopi, dau la plastiki iliyokusanywa, likavikwa ndara zilizookotwa fuoni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Fundi hakuhitaji plastiki safi kutoka kiwandani. Alichohitaji ni plastiki iliyotenganishwa na maganda ya samaki na majivu. Kutenganisha huko kunaanzia jikoni, na hakuna karo ya kaunti inayoweza kukununua.

Jaa jipya liwekwe wapi?

Hili ndilo swali gumu, na si haki kulipita kimya. Kila mtaa unataka taka zitoke, na hakuna mtaa unaotaka ziletwe. Zikibaki kisiwani zinakaribia visima. Zikivushwa bara, zinahitaji boti, mafuta, gati na kijiji cha kuzipokea, na wakazi wa kijiji hicho wana haki ya Kifungu cha 42 sawa na wakazi wa Mkomani na Langoni.

Sheria haichagui mahali, lakini imeweka njia ya kuchagua. Lazima tathmini ifanywe, wananchi waelezwe kwa lugha wanayoielewa, na maoni yao yazingatiwe kabla ya leseni kutolewa. Lamu inajua uzito wa hatua hiyo. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, wenye uwezo wa megawati 1,050. Waliokwenda kulalamika walikuwa wakazi na vikundi vyao chini ya Save Lamu. Sababu kuu ya kufutwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa kitaifa ulisimama kwa kukosa hatua hiyo. Jaa la kaunti halina kinga zaidi ya hapo.

Mkazi akiona kosa afanye nini?

Kwanza, aandike: mahali, tarehe, saa, na kilichomwagwa au kuzungushiwa uzio. Picha ya simu inasaidia, hasa ikionyesha ukingo wa maji yakijaa.

Pili, apeleke taarifa kwa maandishi kwa msimamizi wa wodi na idara ya mazingira ya kaunti, na nakala kwa NEMA. Kama ni uzio au hati, nakala iende kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hupotea kama povu.

Tatu, aombe habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Mkazi anaweza kuuliza kama jaa fulani lina leseni, au kama kiwanja fulani kimegawiwa, na kwa utaratibu gani.

Nne, akiona leseni imetolewa kinyume cha sheria, akate rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Muda ni siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kuja siku ya 61.

Tano, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuzuia uharibifu wa mazingira, na hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mvuvi wa Faza anaweza kuutetea mchanga wa Shela, na mama wa Shela akautetea mkoko wa Ndau.

Mwisho, njia hizi zote zinaweza kutumiwa dhidi ya kaunti yenyewe pale inapozembea, na hilo lisimwogopeshe mkazi. Kaunti inayodaiwa wajibu wake kwa maandishi hufanya kazi vizuri kuliko inayolaumiwa barazani. Na mkazi anayedai jaa lenye leseni huku akimwaga ndoo yake ufuoni usiku amejinyang'anya hoja yake mwenyewe.

Waliojaza pwani mbele ya ngome waliwaachia wajukuu mahali pa kutembea. Wanaoijaza leo kwa plastiki wanawaachia wajukuu kesi, na kisima kisichonyweka.